Kutu ya Ghalani

Kituo cha mikoko, mto Simba Uranga
20 Mfunguo Nane 1323. Kwa hesabu ya Wadachi ni Julai 1905

Mke wangu Mwanawetu,

Nakuandikia nikiwa mzima, ila kifua hunibana asubuhi kwa huu ukungu wa mikoko. Abdalah wa chumvi anapanda Kibiti na makanda yake, nimemwomba barua hii aitie mkononi mwako na si kwa mtu mwingine.

Kazi yangu imebadilika. Wajua nilikuja huku kunoa mashoka ya wakata boriti. Lakini Mdachi wa kituo alipopata habari kwamba nilijifunza ufundi wa bunduki kwa yule Mhindi wa Kilwa, akanikabidhi ghala. Ndani mna magobori yote yaliyokusanywa vijijini, na bunduki za akiba za askari, zimesimamishwa ukutani kama kuni. Ufunguo ninao mie na yeye tu. Mshahara umepanda kidogo, na mwanzoni nilifurahi.

Sasa sifurahi. Ghala ni jipya, limeezekwa bati, halivuji hata tone, na mvua yenyewe haijanyesha. Hata hivyo kila asubuhi nikifungua mlango nakuta chuma kimetoka madoa mekundu, kama mtoto aliyeshikwa na surua. Nasugua kwa majani ya msasa na jivu mpaka king'ae. Kesho yake madoa yamerudi, kwenye mitutu, kwenye kamani zinazorusha nyundo, kwenye vifyatulio. Nikipitisha kidole kinatoka na unyevu.

Jana Mdachi aliingia akachukua bunduki moja, akajaribu kuvuta kifyatulio, kikagoma. Akaniuliza kwa mkalimani, nani anazimwagia maji bunduki zake? Nikasema hakuna. Aliangalia ule ufunguo kiunoni mwangu, kisha akatoka.

Nitumie mafuta ya ufuta, chupa kubwa, ya kwetu yale yaliyokamuliwa vizuri. Labda nikizipaka zitatulia.

Mgongo wa shemeji Bushiri umepona? Mwambie asirudi tena kwenye shamba la pamba la akida kabla vidonda havijafunga, hata wakimwita. Mbusu mwanetu Mwajabu. Msalimie mama mkwe.

Mumeo,
Mwinyimvua bin Mtoro


Kibiti
28 Mfunguo Nane

Baba Mwajabu,

Barua imefika na muhuri wake haujaguswa. Abdalah kanywa maji, kala, kapumzika, na anarudi na hii pamoja na mafuta yako. Mama amesimamia ukamuaji mwenyewe.

Niliisoma kwa sauti, kwa sababu mama hapendi barua isomwe kimya, anasema ni sawa na kula peke yako mbele za watu. Nilipofika kwenye habari za kutu Bushiri alikuwa mlangoni, kambeba Mwajabu mabegani. Akaniambia, "Dada, rudia hapo." Nikarudia. Akauliza, "Na mvua haikuingia?" Nikamwambia mume wangu kasema haikuingia. Akamshusha mtoto chini, akatoka kabla sijamaliza kusoma.

Mama yeye alikuwa na lake la kusema. Anasema majembe yake huyatundika darini, juu ya moto wa kupikia, na tangu aolewe hajaona kutu. Jembe ukiliacha kwenye pembe ya chumba kisicho na moto, anasema, linaliwa hata kama hujalipeleka shambani. Nimekuandikia hivyo alivyosema, huenda likakufaa.

Mgongo wa Bushiri umefunga, umebaki makovu. Hayupo hapa sasa. Amekwenda Chumbi kwa mjomba kulinda mahindi, nguruwe wamezidi.

Mji si mtulivu. Pamba ya akida imeng'olewa mashina kwa mashina na hakuna aliyesema ameona mtu. Wapita njia wamekuwa wengi, watu wa milimani, wengine wana vibuyu vidogo shingoni. Wakiulizwa waendako hucheka. Siandiki zaidi ya hapo. Barua hutembea, na si kila anayeisoma ndiye aliyeandikiwa.

Usilale bila kujifunika kifua.

Mkeo,
Mwanawetu


Kituoni
9 Mfunguo Tisa

Mama Mwajabu,

Nisome polepole, kisha fikiri kabla ya kunijibu.

Mafuta niliyapaka yote. Siku za mwanzo bunduki ziling'aa, Mdachi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha mafuta yakaganda yakawa kama ulimbo, mitambo ikanata, na chini ya ulimbo kutu ikaendelea kama kawaida. Ikawa ni mie niliyeziharibu mara ya pili.

Katikati ya hayo zikaja habari kwamba Samanga imechomwa. Umesikia pia walionyongwa Mohoro kwa sababu ya hiyo dawa ya maji, ile inayosemwa hugeuza risasi kuwa maji. Tangu hapo hapa kituoni neno "maji" halitamkwi. Mtu akiona kiu anaashiria kwa mkono.

Ombasha wa askari alikwenda Mohoro akarudi na maneno. Alinikuta ghalani akafunga mlango nyuma yake. Akaniambia, "Fundi, wewe kwenu Kibiti?"

Nikasema ndiyo.

"Kibiti wanasema bunduki za Mdachi zimeoza ghalani. Wanasema maji ya mganga yamezifikia hata zilipofungiwa. Nani kawaambia?"

Nikamwambia sijui. Akaniambia, "Atakayejua ni wewe, ufunguo ni wako." Baadaye Mdachi mwenyewe akaniita, akaniuliza kama nimezinywesha bunduki dawa. Sikujua kama anacheka au vipi, uso wake haukunionyesha. Amesema ombasha akirudi Mohoro safari ijayo, nami nitakwenda naye, isipokuwa bunduki ziwe zimepona. Kwenda Mohoro na ombasha unajua maana yake.

Kwa hiyo nimeacha kusugua, nimeanza kutazama. Alfajiri bati linatoa matone upande wa ndani, ilhali nje hakuna mvua. Chuma hupoa usiku, na hii hewa ya huku imejaa maji kuliko ya kwetu. Ikikigusa chuma baridi, maji hubaki juu yake. Mdachi hufanya vivyo hivyo na miwani yake, huipulizia pumzi ikapata ukungu, ndipo akaifuta. Bamvua likijaa na maji ya mto yakapita chini ya sakafu, kutu inazidi. Tena ndani ya ghala, upande wa nyuma, yamo makanda ya chumvi ya forodha, hapo hapo na bunduki. Chumvi ile inatota yenyewe, sakafu chini yake haikauki.

Nimelikumbuka neno la mama. Nimechukua vyuma viwili vya aina moja, kimoja nimekiacha ghalani, kimoja nimekitundika jikoni kwa wapishi, juu ya moto. Nangoja.

Lakini hili la Kibiti limenitia baridi. Habari za kutu nilikuandikia wewe tu. Mlizungumza na nani?

Mwinyimvua


Kibiti
15 Mfunguo Tisa

Mume wangu,

Umeniuliza nami nitakujibu, kisha barua hii uitie motoni ukishaisoma.

Ni Bushiri. Siku ile ile aliposikia, alitoka akawakusanya wenzake pale kwa wachonga mitumbwi. Akawaambia shemeji yake ndiye mshika ufunguo, na shemeji yake ameandika kwa mkono wake kwamba bunduki zinaoza bila kunyeshewa. Waliokuwa wanasitasita wakaacha kusitasita. Hakusema uongo hata neno moja, alisema yale uliyoandika wewe. Ila yale uliyoandika wewe yalipotoka kinywani mwake yakawa kitu kingine.

Sikukwambia kweli kuhusu Chumbi. Yuko Chumbi, lakini si kwa ajili ya nguruwe. Amekunywa maji, wamemnyunyizia, na vijana wa huku wamemfuata. Nilikuficha kwa sababu unakula chakula cha Mdachi na niliogopa itaonekana usoni mwako. Mama anajua alikokwenda. Hatulizungumzi. Anapika chakula chake kila siku kama yupo, kisha tunampa Mwajabu.

Hicho chuma ulichokitundika jikoni, nakuomba, kitazame peke yako. Kama kutu imekuja yenyewe, nawe hukuileta, kwa nini uwe wewe wa kuifukuza? Waambie umeshindwa. Fundi hushindwa. Wakupige, wakufukuze kazi, urudi nyumbani. Bunduki zile zikipona zitaelekezwa wapi kama si Chumbi?

Najua nakuomba nini. Nimeandika mstari huu nikaufuta, nikauandika tena.

Mwanawetu


Kituoni
20 Mfunguo Tisa

Mwanawetu,

Nimeichoma. Abdalah alicheleweshwa na askari njiani, walimpekua mpaka ndani ya makanda, na barua yako aliificha kwenye kilemba. Imenifikia nikiwa nimekwisha kufanya usilolitaka.

Chuma cha jikoni kilibaki safi. Cha ghalani kikaiva kutu. Nilivipeleka vyote viwili kwa Mdachi nikamweleza habari za hewa, bati na chumvi. Alisikiliza, akaviweka mezani, akavigeuza geuza. Siku hiyo hiyo makanda ya chumvi yakatolewa. Wakakata matundu chini ya bati hewa ipite, wakaniwekea majiko mawili ya moto wa makaa ghalani, na mbuzi akachinjwa nipate shahamu isiyo na chumvi, mafuta ya kuzipaka. Wakanipa watu wa kusugua. Bunduki zikapona. Mdachi akanipiga bega, ombasha akanipa tumbaku. Nilirudi kibandani mwangu nikasali rakaa mbili za kushukuru, Mwanawetu, nikalala usingizi ambao sikuupata tangu mwandamo. Asubuhi yake Abdalah akafika.

Kwa hiyo aliyeniokoa ni mama, kwa neno lake la majembe. Usimwambie.

Baada ya kuisoma barua yako bado ilikuwepo nafasi. Bunduki zilikuwa hazijaondoka. Niliingia ghalani na koleo. Kuikata kamani moja ni kazi ya kufumba na kufumbua, na kwa nje haionekani. Nikasimama pale, ombasha akaingia na orodha yake akaanza kuvuta vifyatulio, kimoja baada ya kimoja, akisikiliza mlio. Nikaiweka koleo chini. Niliogopa, silitafutii jina jingine.

Kuna jambo moja nataka Bushiri alijue kabla ya lolote. Mdachi alitaka kuona kutu imekula kiasi gani. Akachagua gobori lililochakaa kuliko yote, lililokuwa jekundu mpaka kitakoni, likafungwa kwenye kiti cha miti likafyatuliwa kwa kamba. Risasi ilitoboa ubao wa mkoko wa unene wa kiganja, ikapita ikaingia tope la ng'ambo. Kutu ilikuwa imekula ngozi tu. Hata zingebaki na kutu zingeua. Hakuna maji yaliyoingia ghalani isipokuwa haya tunayoyavuta puani kila pumzi.

Zimepakiwa. Zinapelekwa kwa askari na watu wao upande wa juu wa mto. Sijui ni lini. Mfikishie. Mtume mtu unayemwamini, au nenda.

Mwinyimvua


Kibiti
29 Mfunguo Tisa

Mume wangu,

Nilikwenda mwenyewe. Sikuwa na wa kumwamini.

Nilimwambia mama naenda kumjulia hali mjomba, akanifungia mkate wa mchele bila kuuliza ni wa nani. Ikwiriri nusu ya nyumba zimefungwa. Huko Ndundu, kwenye kivuko, mwenye mtumbwi alikataa kunivusha mpaka nilipomwambia jina la Bushiri. Hapo akanivusha na hakutaka kitu. Nikajua jina lake limekuwa kubwa kuliko nilivyodhani.

Nilimkuta Chumbi chini ya ghala la mjomba, amekonda, macho yanang'aa kama ya mwenye homa. Alifurahi. Alikula mkate wote amesimama. Nikamwambia nina maneno ya shemeji yake, nikamtoa pembeni.

"Bunduki zimesafishwa," nikamwambia. "Ilikuwa hewa ya huko mikokoni. Hewa na chumvi. Wamewasha moto, kutu imekwisha."

"Nani kakwambia?"

"Kaandika mwenyewe."

"Kaandika Mdachi akiwa amesimama nyuma yake."

"Hakusimama mtu. Bunduki iliyoliwa kuliko zote wameifyatua, ikatoboa ubao wa mkoko. Hata yenye kutu inaua, Bushiri."

Akaokota makombo ya mkate kwenye nguo yake akayala. Kisha akauliza, "Na aliyezisafisha ni nani?"

Nilitaka kusema uongo nikashindwa. Nikamwambia ni wewe.

"Zote?"

"Zote."

Nilidhani atakutukana. Akasema, "Shemeji fundi hodari." Si kwa kejeli, alisema kama anavyosema siku zote. Nikamshika mkono nikamwambia turudi nyumbani sasa hivi, mtumbwi unangoja.

Akanijibu, nami nakuandikia kama alivyosema: "Dada, nakuamini. Hata siku ile mlangoni sikuwa na hakika. Chuma pwani hupata kutu, nani asiyejua? Lakini nilipigwa viboko mbele ya watu kwa pamba ambayo si yangu, na nilitaka iwe kweli. Sasa hawa wote pale nimewaleta mie. Nikiondoka leo watakwenda bila mie, na maji yao shingoni. Nikiwaambia, nusu wataniita msaliti na nusu watakufa wakiwa na hofu. Waache wasiwe na hofu."

Nikamwambia, "Na wewe je?"

Akasema, "Mie nitakuwa nayo kwa niaba yao."

Akanisindikiza mpaka mtoni. Aliniambia nikuombe umtengenezee Mwajabu kisu kidogo cha kumenyea ndizi, amemwahidi. Nimerudi peke yangu. Mama alitazama kapu tupu, akaenda kuwasha moto.

Mwanawetu


Kituoni
8 Rajabu

Mwanawetu,

Mbona kimya? Abdalah amepita mara mbili bila kitu chako. Anasema njia ya Kibiti imejaa askari na yeye haingii mjini, anaishia pembeni.

Bunduki zimerudi. Zimerudi nyeusi kwa baruti na zina tope la mto kwenye vitako. Ombasha anasimulia jikoni kwamba walikutana na wanywa dawa kando ya maji, upande wa Ndundu, na kwamba walikuja wamesimama wima, wakiimba, hawainami. Anasema hivyo kama mtu anayeeleza jambo linalomsumbua. Kisha akaniletea zote nizisafishe.

Nazisafisha sasa. Nasokota kitambaa kwenye ufito, napitisha kwenye mtutu, kinatoka cheusi, napitisha kingine. Nazitazama moja moja nikijiuliza ni ipi. Watu wa kazi wanadhani naumwa.

Nataka kuacha. Nitamwambia Mdachi mke wangu mgonjwa, asipokubali nitatoroka na mtumbwi wa wakata boriti. Niandikie neno moja tu. Yuko hai?

Mwinyimvua


Kibiti
14 Rajabu

Baba Mwajabu,

Sisi wazima. Sikuandika kwa sababu askari walikuwa wanakagua nyumba, na mwenye kalamu ndani anaulizwa anamwandikia nani.

Yule mbuzi wa mama aliyepotea amerudi. Jirani mmoja alimbeba mgongoni sehemu kubwa ya njia, kisha akaenda zake. Ameumia paja la kushoto, jeraha limeingia ndani. Mama amemweka chumba cha nyuma na hatoki. Anakunywa uji kidogo. Usiku analia, tunamfunika mdomo kwa kanga kwa sababu majirani hawapendi kelele za mbuzi. Nadhani unamfahamu mbuzi ninayemsema.

Wengine waliokuwa naye machungani hawakurudi, isipokuwa huyo aliyembeba.

Ninalokuomba ni hili: usiache kazi. Askari walifika mlangoni kwetu wakauliza nyumba ya nani. Nikasema ya fundi wa kituo cha mikoko, mshika ufunguo wa Mdachi. Wakatazamana, wakapita, hawakuingia. Nyumba ya pili waliingia mpaka uvunguni. Ukiondoka huko kesho, keshokutwa watarudi hapa. Baki. Safisha wanachokupa. Jina lako ndilo mlango wetu kwa sasa.

Najua ninalokuambia leo si nililokuambia mwezi uliopita.

Mwanawetu


Kituoni
19 Rajabu

Mke wangu,

Nimeelewa kila neno. Nimebaki. Mdachi amenisifu mbele ya askari kwa kazi ya bunduki, nami nikainama nikashukuru.

Abdalah anakuletea kifurushi. Ndani mna dawa ya unga ya vidonda, nimeiomba kwa mganga wa askari nikasema nimejikata na tupa. Nilijikata kweli kwanza, asije akataka kuona. Osheni jeraha kwa maji yaliyochemka, kisha nyunyizeni. Kama kuna chuma ndani msikichokoe wenyewe, tafuteni mtu mwenye mkono mwepesi. Kuna na kisu kidogo cha kumenyea ndizi. Mbuzi anajua ni cha nani.

Niandikie upesi. Hapa kila mtu akiita jina langu moyo unaruka.

Mwinyimvua


Kibiti
27 Rajabu

Mwinyimvua mume wangu,

Leo naandika wazi, kwa sababu hakuna tena wa kufichwa.

Bushiri amefariki jana baada ya alasiri. Dawa yako ilifika, tuliitumia, lakini mguu ulikuwa umekwisha kubadilika rangi mpaka kiunoni. Hakuteseka mwishoni, alikuwa hausikii tena mguu wake. Kisu alimpa Mwajabu kwa mkono wake, akamwonyesha namna ya kukishika asijikate. Tumemzika alfajiri, watu wachache, bila sauti. Mjomba ametoka Chumbi amekuja.

Alipokuwa na fahamu aliniuliza kama umeacha kazi. Nikamwambia hukuacha, mimi ndiye niliyekuzuia. Akasema, "Vizuri." Baadaye akaniambia, "Yule aliyenipiga risasi nilimwona. Kijana, alikuwa na hofu kuliko mie." Hakusema kitu kuhusu bunduki. Nilingoja aseme, sikuthubutu kumuuliza.

Mama amekaa uani tangu asubuhi. Wanawake wanamwambia ale, hataki. Aliniuliza mbele yao bunduki za Wadachi zilipona vipi, maana mwanawe alimwambia zimeoza. Kila mtu akanigeukia. Nikasema zililetwa nyingine, mpya, kwa meli. Wakakubali. Hilo nimelisema mie, na nitalisema hivyo mpaka nife, nawe ukiulizwa sema vivyo hivyo.

Sasa unaweza kuacha kazi. Askari wamekwisha kupita huku na chumba cha nyuma kitupu. Mwambie Mdachi umefiwa na shemeji kwa homa, mwachie ufunguo mezani, uje na Abdalah. Usichelewe, matanga hayajaanuliwa, na mama amekwisha uliza mara mbili mkwewe yuko wapi.

Yeye hajui ni mikono ya nani iliyozisafisha. Mimi najua. Nimekaa na jambo hilo usiku wote nikijipima kama nitaweza kukutazama. Sina hakika. Hata hivyo njoo, nimekutandikia.

Mkeo,
Mwanawetu